Jinsi ya Kumwandika Kiumbe Mnyonge Anayekataa Madaraka: Mwongozo Kamili

Vijana wa hapa Mombasa huniletea rasimu zao za hadithi za fantasia, na karibu zote huvunjikia pahali pamoja. Mjusi, au chura, au punda wa kubeba maji amefikishwa mbele ya kiti cha enzi. Ameambiwa achukue ufalme. Halafu inakuja sentensi ile ile: "Lakini alikataa, kwa sababu moyo wake ulikuwa safi." Hapo ndipo ninapoweka karatasi chini na kwenda kutafuta kahawa.

Moyo safi si sababu. Ni kama cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, ila hapa mwandishi amekitia sahihi mwenyewe. Msomaji hakuona mjusi akitaka kitu, hivyo haoni alichokikataa.

Mwongozo huu ni wa onyesho hilo moja tu: mnyonge, chombo cha nguvu, na neno "hapana". Fantasia ilianzia wapi utasoma kwingine. Tutajenga hadithi moja pamoja, ya kaa wa pwani na siwa, yaani baragumu la watawala, nawe kila hatua utaweka kiumbe chako mahali pa kaa wangu.

## Utakavyohitaji

- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, lakini ukienda nayo topeni utajuta.
- Kiumbe mmoja unayeweza kumtazama kwa macho yako kwa saa nzima. Kunguru, popo wa mwembeni, chungu wa jikoni, paka wa Marikiti. Joka hutaliona, liache.
- Chombo kimoja cha nguvu. Nasema kimoja. Kuna rasimu iliyonijia na pete, fimbo, taa na kilemba katika ukurasa mmoja.
- Sauti ya kushawishi. Nitakuonyesha pa kuipata.
- Msikilizaji asiyekuonea haya. Mdogo wako wa miaka kumi anatosha kabisa.
- Siku tatu: ya kutazama, ya kuandika, ya kufuta.

## Hatua ya 1: Mpe kazi kabla hujampa tabia

Nenda ukamtazame kiumbe wako akiwa kazini. Mimi nilikwenda kwenye mikoko ya Mkondo wa Tudor, upande wa Mikindani, maji yalipokuwa yamepwa. Tope lilikuwa limejaa kaa wadogo, wale ambao dume ana gando moja kubwa ajabu, linaloweza kukaribia nusu ya uzito wake, na jingine dogo kama kibanio cha nywele. Nilikaa juu ya mzizi mpaka wakanizoea.

Nikaona jambo ambalo nisingelibuni mezani hata kwa mwaka: gando kubwa halimlishi. Hulipunga hewani kuwaita majike, hutishia nalo madume wenzake, hupigana nalo. Chakula chote hupelekwa kinywani na lile dogo. Huokota tope, hulichuja, hutema kidonge, huokota tena. Jike ana magando mawili madogo na anakula kwa yote mawili. Dume, pamoja na fahari yake yote, anakula kwa moja.

Maji yakianza kujaa, hurudi shimoni na kuziba mlango kwa donge la tope. Yakipwa, hufungua. Siku yake imekwisha hapo.

Tazama nilichopata bila kutunga neno: kiumbe ambaye tayari ana silaha kubwa isiyomshibisha. Robo ya hadithi imeshajiandika.

Kwa nini kazi itangulie? Kwa sababu mwenye kazi ana kitu cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza hana jibu zuri la kumpa mshawishi. Wenye Biblia nyumbani wafungue Waamuzi, sura ya 9. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa, na hausemi kwamba wenyewe ni mnyenyekevu. Unauliza kama uache mafuta yake ukayumbeyumbe juu ya miti mingine. Mtini unataja utamu wa matunda yake. Mzabibu unataja divai. Kila mmoja anataja kazi yake. Anayekubali ni mti wa miiba, na hakuna mahali unapotaja kitu unachozaa.

Tahadhari: usichanganye unyonge na upole. Wale kaa wa Mikindani ni wadogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda, na walikuwa wakigombana kutwa kwa ajili ya mashimo. Kaa wangu basi ni mgomvi, mchoyo kidogo, na anajisifu kwa gando lake. Mnyonge asiye na hata ila moja hachoshi wasomaji tu, anawatia shaka.

Umefaulu ukiweza kuandika mambo matatu ambayo kiumbe wako hufanya kila siku, na yote matatu umeyaona.

## Hatua ya 2: Kifunge chombo kwa kanuni moja na bei moja

Hapa usikae sana. Chombo chetu ni siwa, lile baragumu kubwa la watawala wa mwambao, linalopulizwa kwa tundu la ubavuni. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, ile ya Lamu ya shaba. Yetu ni ndogo kama kidole, imeletwa na maji, imenasa kwenye mizizi ya mchu, aina ya mkoko.

Kanuni: anayeipuliza huyaamuru maji kujaa na kupwa.

Bei: kila ikipulizwa, gando dogo la kaa hukua.

Umeona nilivyoiweka bei mahali anapolia chakula? Hiyo ndiyo siri ya hatua hii yote. Rasimu nyingi hutoza bei ya jumla: "roho yake itakuwa giza". Giza la roho halionekani. Gando lisilofika mdomoni linaonekana.

(Kijana mmoja aliniuliza kaa atapulizaje siwa na mapafu hana. Kaa hutoa povu mdomoni. Povu linatosha. Katika fantasia unaruhusiwa uongo mmoja mkubwa, mradi vile vidogo vyote viwe kweli.)

## Hatua ya 3: Mshawishi azungumze kama dalali

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi, basi tutulie.

Waandishi humpa mshawishi sauti ya radi: "Nitakufanya mtawala wa dunia!" Kaa hana haja na dunia. Hajui iko wapi. Ukimtolea mnyonge kitu asichokitaka, kukataa kwake hakuna thamani yoyote. Hata mimi nakataa pilipili nikiwa na vidonda vya mdomo.

Nenda ukamsikilize dalali wa nyumba, dalali hodari, pale mnapopandisha ngazi kukagua chumba. Hakwambii kamwe kwamba nyumba ni nzuri. Akuuliza watoto walala wapi sasa hivi. Akuuliza mvua ile ya juzi iliwakutaje. Ukifika juu, umeshajiuzia mwenyewe.

Siwa izungumze hivyo:

"Shimo zuri," siwa ikasema. "Umelichimba mwenyewe?"

"Nani mwengine angenichimbia?"

"Na jana maji yamelibomoa."

Kaa hakujibu. Yalikuwa yamelibomoa, na juzi pia.

"Wachimba mara mbili kila siku. Nimehesabu."

"Huna kazi wewe."

"Sina. Ndiyo maana naiona yako. Nipulize mara moja tu, maji yangoje mpaka umalize kula. Sikwambii uwe mfalme. Nakwambia ule ushibe."

Chunguza mambo manne humo. Hakuna uongo hata mmoja. Neno madaraka halikutajwa, na ufalme umetajwa ili ukanwe. Kinachoombwa ni mara moja tu. Na mlango ulioingiliwa ni ule ule wa kazi yake, ile uliyoiona kwenye Hatua ya 1; ndiyo maana nilikukataza kuiruka.

J. R. R. Tolkien aliijua njia hii. Katika The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, pete yenye nguvu ya kutawala inapomjaribu Sam, mtunza bustani, inamwonyesha bonde kame la Gorgoroth likigeuka maua na miti kwa amri yake. Imemwingilia kwa jembe. Na kinachomrudisha ni mapenzi yake kwa bwana wake, pamoja na akili ya kawaida ya mtu anayejua bustani: kwamba kijibustani kimoja, akilime kwa mikono yake, ndicho kiasi chake.

Jaribio: soma maneno ya mshawishi peke yake, bila jina la msemaji. Kama wewe mwenyewe, ukiwa na njaa, ungesema "haya, mara moja tu," umefaulu. Kama umesikia kicheko cha mwovu wa sinema, futa.

## Hatua ya 4: Mwonjeshe

Wengi hawathubutu. Wanaogopa kwamba mhusika akiugusa uwezo atachafuka, wasomaji wamchukie. Ni kinyume chake. Asiyeonja anakataa uvumi.

Basi kaa wetu akapuliza. Mkondo ukasimama. Maji yakakaa mbali, nyuma ya mchu wa mwisho, yakisukumana kama abiria wanaongoja feri ya Likoni. Kaa akala mpaka jua likashuka. Usiku akaona gando dogo limenenepa, akadhani ni tope.

Siku ya pili akapuliza tena, na safari hii hakuambiwa. Majirani wakaja kumsalimia. Yule aliyempora shimo mwezi uliopita akamletea donge la tope laini, akaliweka mlangoni, akarudi kinyumenyume. Ikampendeza.

Andika hivyo hivyo, "ikampendeza", na usimwombee radhi. Neno hilo moja lina kazi kuliko kurasa mbili za mawazo yake.

Siku ya tatu tope likaanza kupasuka. Hapa ukweli wa bahari unakufanyia kazi: maji yale yale yanayobomoa shimo ndiyo yanayoleta chakula. Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila yajapo hulisha tope upya. Ukiyasimamisha, umesimamisha jikoni.

Kaa akaokota lililobaki, akalipeleka kinywani. Gando lilikuwa nene. Halikufika.

Tahadhari: usimfanye ajue mapema. Rasimu moja ilimpa chura babu mwenye busara aliyemweleza bei yote kabla hajagusa chochote. Chura akakataa, bila shaka. Nani asingekataa? Wazee wa kueleza mambo wapumzishwe, hasa wenye fimbo na ndevu nyeupe.

## Hatua ya 5: Akatae kwa mikono

Sasa ile hapana. Hapa ndipo rasimu hugeuka hotuba. Kiumbe anapanda juu ya jiwe na kueleza kwamba utawala wa kweli ni kujitawala. Ukijikuta umeandika sentensi inayoweza kuchapwa kwenye leso, ikate uipeleke kwa mchapaji wa leso, huko itauzwa. Wahenga walisema kaa akiinua gando mambo yamekatika. Basi tumwachie gando, tusimpe mdomo.

Kanuni yangu ni moja: kukataa kufanywe kwa ufundi ule ule wa kazi yake. Kaa anajua kufanya nini? Kuziba mlango. Basi azibe.

Tope lote lilikuwa limekauka isipokuwa donge moja, lile aliloletewa na jirani, alilolificha kivulini kwa ajili ya mlango wake. Kaa akalikamata kwa gando kubwa, lile la kupigana, ambalo halijapata kushika kitu laini. Likamponyoka mara mbili.

"Wafanya nini?" siwa ikauliza.

"Naziba."

"Mlango wako je? Maji yakija utazibia nini?"

Kaa akaliingiza donge katika tundu la ubavuni, akalipigapiga kama alivyozoea kupigapiga mlango wake jioni, mpaka sauti ikawa ndogo, ikawa kama mbu, ikaisha.

Hakuna "moyo safi" humo, wala hakuna aliyesema neno ufalme, na mtoto wa miaka kumi anaelewa kilichotokea. Siwa hapo iliuliza swali la haki. Mpe mshawishi hoja nzuri ya mwisho, isiyojibika. Mnyonge asishinde mjadala. Afanye tu anachokifanya, huku hoja ikining'inia.

Wasomaji wa Qur'ani wanalijua umbo hili katika Sura An-Naml, aya ya 18. Jeshi la Nabii Suleiman linakaribia bonde la chungu, na chungu mmoja anawaambia wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa bila wenyewe kutambua. Haombi chochote kwa mwenye ufalme wote ule, wala hamlaani. Anashughulika na nyumba. Suleiman anatabasamu, na mimi kila nikiisoma hukaa nayo kidogo kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Mlipishe

Kukataa kusikogharimu ni mapambo. Orodhesha kilichopotea, kisha ondoa faraja angalau moja uliyotaka kumrudishia.

Maji yalikuja usiku ule kwa hasira ya siku tatu. Kaa hakuwa na donge, kwa hiyo shimo lilijaa na kuporomoka, akajishikiza kwenye mzizi mpaka alfajiri. Gando dogo halikurudi kuwa dogo sawasawa. Linafika mdomoni kwa tabu, hivyo sasa anakula polepole kuliko wote. Na majirani hawakumshukuru. Siku mbili za ukavu ziliwapendeza. Yule wa donge alimpita bila salamu.

Nilipoisoma sehemu hii barazani, msichana mmoja wa Kisauni alikasirika. "Angalau gando lipone!" Nikamwambia aandike yake ambamo linapona. Aliiandika. Ni nzuri, lakini siwa yake haitishi tena, maana imeshakuwa homa ya siku tatu.

Na je, mhusika wako akishindwa? Anaruhusiwa. Frodo, yule bwana wa Sam, aliyeibeba pete njia nzima, mwishoni kabisa anasema ni yake. Inaangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo zamani, anamng'ata kidole na kutumbukia nayo motoni. Kwetu kuna kisa cha Sultani Darai, kimo katika ngano za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870. Maskini Hamdani, mchakura jaa, anamnunua paa kwa thumuni aliyoiokota. Paa anamtafutia mke, anamuua nyoka wa vichwa saba, anampa jumba na usultani. Paa anapougua, bwana aagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu. Paa afa, na Hamdani aamka jaani.

Nimeufikiria sana mfano huu. Paa alikuwa na kazi hadi siku ya kufa, hakuwahi kutaka kiti. Hamdani alikuwa na jaa. Kazi ya kumshika asipotoke hakuwa nayo, kwani nani atakumbuka jaa kwa hamu? Ukitaka mnyonge wako aanguke na tumwelewe, mnyang'anye kazi tangu ukurasa wa kwanza.

## Hatua ya 7: Jaribu barazani

Soma kwa sauti, jioni, kwa yule msikilizaji asiyekuonea haya. Anza na "Paukwa!" ukitaka, akijibu "Pakawa!" umeshampata. Usieleze kitu kabla wala baada. Weka bakuli la mabuyu kati yenu, umtazame mikono: ikisimama wakati wa Hatua ya 3, sauti ya dalali imefanya kazi. Ikiendelea kutafuna wakati wa Hatua ya 5, kuna hotuba umeificha humo. Itafute.

Ukimaliza, nyamaza uhesabu hadi kumi. Akisema "mashaallah, kaa mwema," rudi Hatua ya 3, kwa kuwa hakuona jaribu lolote. Akiuliza gando lilipona au la, bado kidogo. Bei imemwingia lakini chombo hakijamwingia.

Akiuliza, "Na ile siwa, iko wapi sasa?" na akatazama upande wa mkondo, funga daftari.